Mchoro Uliogeukia Ukuta

Mtu anayechorwa hana kazi isipokuwa kusikiliza. Macho ameambiwa ayaelekeze dirishani, shingo isigeuke, mgongo usilegee. Masikio pekee ndiyo hayakupewa amri. Ndiyo maana Mai Kou Vang, akiwa juu ya stuli asubuhi ya pili ya kuchorwa, alijua bila kuona kwamba mkaa wa kuchorea wa Lavelle, mwenzake wa darasa, umemaliza bega na sasa unapanda shingoni.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo cha sanaa huwa ameshausikiliza mkaa hadi ameuchoka. Nguo huchorwa kwa ubavu wa mkaa, na sauti yake ni ya kukoroma. Shavu ni mstari mmoja mwembamba. Nywele ni mchakuro mfululizo, kama kuku anaparura uani. Mkaa ulipofika kichwani, Mai Kou aliungoja mchakuro huo, nao haukuja. Alisikia kitambaa kikisugua karatasi taratibu, kwa mizunguko, kisha raba ikidonoa, kisha kitambaa tena. Hivyo ndivyo wanavyochora vitu vya mviringo vilivyo vitupu: yai, tufaha, kipara.

Vidole vyake vikabana ukingo wa stuli.

Tuseme wazi, maana mwenyewe alikuwa hasemi: Mai Kou hakuwa na nywele. Zilianza kunyonyoka akiwa na miaka kumi na sita, mafungu mafungu juu ya mto, na kabla baridi ya mwaka ule haijaisha hazikubaki hata nyusi. Madaktari wa mji wao, St. Paul, walisema ni ugonjwa usiouma wala kuua. Bibi yake hakuwasikiliza. Kwa desturi ya watu wao, aliiita roho ya mjukuu wake irudi nyumbani, akamfunga nyuzi nyeupe kwenye kifundo cha mkono, na alipokuwa akizifunga akalia. Kilio kile ndicho kilichomshinda Mai Kou. Kisha wakaja mashangazi na sufuria za wali na kuku wa kuchemsha, wakamtazama kama wanavyotazamwa wafiwa, na mmoja wao akamnong'oneza mama yake jikoni, "Sasa huyu nani atamwoa?" Upara aliuzoea upesi, lakini huruma ilimkaa kooni. Akanunuliwa wigi jeusi la kufika mabegani, akajifunza kujichora nyusi, akavuka mto kwenda kusoma mji jirani wa Minneapolis, na darasani hakuna aliyejua.

Yaani hakuna isipokuwa Lavelle Tillery, naye hakuambiwa. Siku moja ya Novemba upepo ulipiga mbele ya lango la chuo, na Mai Kou akashika kichwa kwa mikono miwili badala ya kushika mkoba wa michoro. Karatasi zikatawanyika barabarani. Lavelle akazikimbiza, akazikusanya, akamrudishia, na bila hata kumtazama akasema:

"Badilisha gundi, dada. Hiyo yako haiwezi upepo wa huku."

"Gundi gani?"

"Usinifanye mjinga. Mama yangu ana saluni. Nimelala chini ya viti vya saluni tangu sijaota meno. Nilijua siku ya kwanza."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Kichwa chako, shughuli zako."

Tangu siku hiyo wakawa marafiki wa kula pamoja na kutaniana, na walipopangwa wawili katika kazi kubwa ya mwaka, Lavelle alimwahidi kabla hajaombwa. "Nywele utakuwa nazo," alisema. "Nyingi kuliko zangu."

Kazi yenyewe iliitwa Mwili na Nguvu. Aliyeibuni alikuwa Profesa Astrid Nygaard, mwanamke mrefu, mkavu, anayeongea kama anasoma wosia, na sheria zake zilikuwa kama ifuatavyo. Anayechora anaamuru, anayechorwa anatii. Anayechorwa ana neno moja tu, "basi", na akilitamka mkaa unawekwa chini papo hapo bila maswali. Mchoro wenyewe haruhusiwi kuuona hadi siku ya kukosoana. Siku hiyo mchoro unabandikwa ukutani ukiwa umefunikwa, na aliyechorwa anakwenda peke yake mbele ya wote, anafunua, anatazama, kisha anaamua: auache, au augeuzie ukuta. Ukigeuzwa, umekufa. Hauna alama, na hauendi popote. Na mchoraji, kwa muda wote huo, haruhusiwi kufungua kinywa.

"Wiki nzima mdomo umekuwa wake," Profesa alisema. "Siku hiyo ni zamu ya mwenzake."

Tangu sheria hiyo itungwe hakuna aliyewahi kugeuza mchoro wa mtu. Brenna Lindquist, msichana mwenye ulimi usiojua kupumzika, alisema haki hiyo ni kama mtungi wa kuzimia moto pale koridoni, wote wanaujua na hakuna aliyeugusa. Watu wakacheka. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumuua mwenzake, maana kutokana na michoro hii Profesa ndiye angechagua itakayokwenda kwenye maonyesho ya masika katikati ya mji, mahali ambapo watu wenye kuajiri huja kutazama. Lavelle alikuwa ameyakosa mara mbili. Alikuwa mwaka wa mwisho. Hakukuwa na mara ya nne.

Mai Kou yeye alikuwa ameshapata. Juma lililopita ilikuwa zamu yake kuchora, akamchora Lavelle amelala sakafuni, kinywa wazi, lile jitu zima limejikunja kama mtoto mwenye homa. Lavelle alifunua, akatazama kwa muda mrefu hadi darasa likaanza kukohoa, kisha akacheka. "Mama yangu akiniona hivi ataniletea blanketi," alisema, akauacha. Profesa aliliandika jina la Mai Kou palepale.

Sasa zamu imegeuka, na kitambaa kinasugua.

Profesa Nygaard alikuwa akizunguka darasani. Hatua zake zikafika nyuma ya Lavelle, zikasimama. Kimya kikarefuka.

"Hapo," Profesa alisema kwa sauti ya chini. "Hapo hapo. Usiogope."

Jasho likamtiririka Mai Kou chini ya wigi, ingawa nje ya dirisha theluji ilikuwa imelala hadi magotini. Neno alikuwa nalo. Lilikuwa limesimama nyuma ya meno, herufi nne tu. Lakini akilisema, Lavelle atajua kwamba hakumwamini. Na asipolisema, atakuwa amekubali kuvuliwa. Akabaki anapima hivi na hivi, na kupima nako ni njia mojawapo ya kunyamaza.

"Mbona umekaza?" Lavelle aliuliza kutoka nyuma ya stendi yake. "Umechoka?"

"Sijachoka."

"Ukichoka sema."

"Si nimekwambia sijachoka?"

"Haya, bibi mkubwa. Usinipige."

Siku zilizobaki Mai Kou hakuwa mtu wa kukaa naye. Nyumbani alimjibu mama yake kwa mkato. Chuoni alimtazama Lavelle akila mkate wake wenye nyama, akiwa na mkaa chini ya kucha, akamwona kama mtu asiyemjua. Aliyahesabu upya maneno yake yote ya zamani, na kila neno likamwonyesha meno. Kichwa chako, shughuli zako. Kumbe ni shughuli zake pia. Profesa alikuwa akiwahubiria kila siku kwamba mchoro wa kweli hauogopi kitu, na Lavelle alikuwa akilihitaji jina lake kwenye orodha ile kama mtu anayezama anavyohitaji ubao. Moyo wa mtu ni kichaka, Mai Kou alijiambia, na sasa ameliona joka lililokuwa limejificha humo.

Siku moja kabla ya kukosoana alijaribu kumuuliza, lakini kwa kuzunguka.

"Mchoro unaendaje?"

"Utaona kesho."

"Nidokeze basi."

Lavelle akaweka chakula chini. Uso wake ulikuwa na ile furaha ambayo mtu hawezi kuificha hata akijitahidi. "Nimepata kitu, Mai. Sijawahi kupata kitu kama hiki tangu nianze kushika mkaa. Hata Profesa kanyamaza, na yule mama hanyamazi."

"Kitu gani?"

"Nikikwambia nitakiharibu."

Angeweza kumuuliza palepale, kwa maneno matatu tu: umechora kichwa changu? Hakuuliza. Alikuwa ameshajua, na mtu akishajua huona kuuliza ni kujidhalilisha. Akasema ana baridi, akaondoka.

Asubuhi ya kukosoana wote walikaa nusu duara, vikombe vya kahawa mkononi, theluji ikiyeyuka chini ya viatu. Michoro minne ilifunuliwa ikaachwa. Watu walilia kidogo, wakacheka kidogo, wakasema maneno makubwa yanayosemwa na watu wa sanaa. Kisha Profesa akatazama karatasi yake.

"Lavelle. Aliyechorwa, Mai Kou."

Alisimama. Akaenda hadi ukutani. Mchoro ulikuwa mkubwa, umefunikwa karatasi ya kaki, pini nne kwenye pembe. Akaweka kidole kwenye ukingo wa kifuniko. Wote walio nyuma yake aliwaona bila kugeuka, macho yao yakingoja kuanguka juu ya kichwa chake. Aliwaona wakimhurumia. Aliwaona wakija kumkumbatia mmoja mmoja, wakimwambia wewe ni jasiri, wewe ni mzuri hivyo hivyo, na akilini mwake Brenna alikuwa analia.

Hakufunua. Aling'oa pini zote nne, akaushika mchoro pamoja na kifuniko chake, akaugeuza, akaubandika tena ukiwa umetazama ukuta. Pini moja ikaanguka, hakuiokota.

"Hujautazama," Profesa Nygaard alisema.

"Sina haja."

"Ni haki yako. Nataka tu kuhakikisha umeelewa."

"Nimeelewa. Nimegeuza."

Brenna ndiye aliyeanza, nani mwingine? "Jamani! Kafanya nini kwani?" Akamgeukia Lavelle. "Ulimfanya nini? Mlikuwa mnachorana hapa hapa au kuna kwingine mlikuwa mnakwenda?"

"Brenna," Profesa alisema.

"Nauliza tu! Mtu hageuzi hivi hivi. Lavelle, ulimvua nguo kwenye karatasi?"

Kijana mmoja akacheka puani, wengine wakatazama viatu vyao, na baadhi, kidogo kidogo, wakasogeza viti. Lavelle alikuwa amekaa mwisho wa duara. Alikuwa mtu mweusi, mrefu, mwenye mabega ya kuziba mlango, aliyekuwa akifuatwa na walinzi madukani tangu ana miaka kumi na miwili, na hivi viti vilivyosogea alivijua. Akafungua kinywa. Profesa akainua kidole: sheria. Lavelle akakifunga kinywa, akaweka mikono yake juu ya magoti mahali ambapo kila mtu angeiona.

Hapo ndipo Mai Kou alipoona alichokifanya. Alikuwa amekuja kujifunika, na nguo aliyojifunika nayo ameivua mgongoni mwa mwenzake.

"Hapana!" alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Si hivyo! Hajanivua nguo. Hajanigusa."

"Basi kafanya nini?"

"Amenichora..." Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema anayefichua mbele ya darasa zima anazaa nini. "Amenichora bila nywele. Sina nywele. Hizi ni wigi. Nina ugonjwa, nywele zilinyonyoka zote, na yeye peke yake alijua, na aliahidi hatachora. Ni hilo tu. Hakuna baya jingine alilofanya."

Brenna alikuwa ameweka mkono mdomoni, na macho yake yalikuwa yameanza kulowa, kama Mai Kou alivyokuwa amemwona akilini.

Lavelle hakuwa anatazama mtu. Alikuwa anatikisa kichwa, polepole, kushoto na kulia, midomo imebanwa kwa sheria.

Mai Kou aliuona mtikiso ule. Akaugeukia ukuta, akainua pembe iliyokosa pini, akaingiza mkono, akararua karatasi ya kaki kutoka chini hadi juu, akatazama.

Nywele zilikuwepo. Zilikuwepo nyingi, nyeusi, nzito, zimeshuka hadi mabegani na zinang'aa. Akaona na jinsi zilivyotengenezwa, maana alikuwa mtu wa kazi hiyo hiyo. Lavelle hakuchora unywele hata mmoja. Alikuwa amepaka weusi mahali pote, akausugua kwa kitambaa hadi ukawa usiku mtupu, kisha akainua mwanga kwa ncha ya raba, uzi baada ya uzi, kama mtu aliyekulia mahali ambapo nywele hupakwa mafuta na kutazamwa siku nzima. Hakuna darasani aliyekuwa anachora nywele kwa njia hiyo. Masikio ya Mai Kou hayakudanganywa na mtu. Yalisikia kila kitu sawasawa, na yeye ndiye aliyefasiri vibaya.

Lakini si nywele zilizomnyamazisha Profesa siku ile. Ilikuwa mikono. Uso ulitulia kama wa mtu anayengoja basi, na chini yake vidole vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa stuli, vifundo vimeinuka, kucha zimezama, mikono ya mtu anayening'inia juu ya shimo. Lavelle alikuwa ameiona hofu yake. Aliichora yote, na siri yake akaiacha ilivyo.

"Profesa," Mai Kou alisema, na machozi sasa yalikuwa yanakuja yenyewe. "Nimekosea. Naomba niurudishe. Hakuchora nilivyodhani. Naomba niugeuze."

Profesa Nygaard alivua miwani. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Siwezi."

"Ni mimi mwenye haki! Mimi ndiye niliyechorwa!"

"Ndiyo, na umeitumia. Nikikuruhusu leo, mwakani kutakuwa na msichana aliyegeuza kwa sababu ya kweli, na atashikwa mkono koridoni aambiwe nenda ulie kwa Profesa, mbona mwenzako alirudisha." Akavaa miwani. "Uliogeuzwa umegeuzwa. Lakini darasa halijaisha. Lavelle ana hadi saa sita mchana. Akinipa mchoro mwingine, nitautazama."

Ilibaki saa moja na ushei. Mai Kou hakungoja. Alipanda jukwaa dogo la kuchorewa, akakaa juu ya stuli, akashika wigi kwa nyuma, mahali palipo na gundi, akalivuta. Lilitoka kwa sauti ndogo ya kuambuka. Hewa ikamgusa kichwa. Kulikuwa na watu kumi na wawili mle ndani na wote walikuwa wanatazama, na alihisi kila jicho kama ncha ya raba.

"Chora," alimwambia Lavelle. "Chora sasa. Chora kila kitu, sijali."

Lavelle akasimama. Akachukua karatasi, akaibandika kwenye stendi. Akachagua mkaa. Akasogea mbele ya jukwaa, akakitazama kichwa cha Mai Kou kwa utulivu, kama anavyotazama mchoraji, kutoka paji la uso hadi kisogoni, upande huu na upande ule. Mkono ukainuka. Watu wakajisogeza kuona.

Mkono ukashuka.

"Hapana," alisema.

"Lavelle, tafadhali. Nafasi yako..."

"Naijua nafasi yangu. Siwezi kukuchora leo, Mai. Nina hasira na wewe mpaka vidole vinaniuma. Nikikuchora sasa hivi nitakuchora mbaya, na nitakuchora vizuri sana, na utabaki mbaya kwenye karatasi hiyo maisha yako yote."

"Nastahili."

"Hujaja kunipa mchoro, umekuja kunilipa. Sitaki kulipwa kwa kichwa cha mtu." Sauti yake ikapasuka kidogo, akaikusanya. "Wiki nzima, Mai! Wiki nzima tumekula meza moja. Mdomo ulikuwa nao. Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utasema kweli."

Lavelle akacheka, kicheko kisichokuwa na raha, akautupa mkaa kwenye kisanduku. "Lavelle," Profesa alisema, "una uhakika?" Naye akasema ana uhakika. Profesa akaliandika jina la mwingine.

Brenna alikuwa ameshasimama, mikono wazi, anakuja jukwaani na ule uso, uso wa mashangazi wa jikoni. "Mai Kou, mpenzi, we ni mzuri hivyo hi..."

"Mwache," Lavelle alimkata. "Kaa chini. Hajafa mtu."

Brenna akakaa.

Kisha Lavelle akamgeukia Mai Kou aliyekuwa bado amekaa wima, hajui kama anaruhusiwa kushuka, na kichwa chake kitupu kimeelekea dirishani. Macho ya Lavelle yalikuwa mekundu. Hayakuwa na huruma hata chembe. Kulikuwa na hasira ndani yake, hasira nzima ya mtu mzima kwa mtu mzima mwenzake, na Mai Kou, aliyekuwa akiogopa kutazamwa tangu ana miaka kumi na sita, aliyapokea macho yale akashangaa kwamba ameweza.

"Na ushuke hapo," Lavelle alisema. "Dirisha lile linavuja baridi. Utapata mafua, halafu nianze kukuonea huruma bure."

Akashuka.